Kaburi la Mgomba

Muntasir alirudi kutoka Maskati mwaka ambao wenzake walikuwa wakitafuta nauli ya kwenda huko. Alishuka bandarini Mkoani na mabegi mawili na baiskeli iliyofungwa kwa magunia kama mgonjwa wa mifupa. Alipoifungua pale pale gatini, wachukuzi wakamzunguka. Ilikuwa na matairi manene yenye meno, gia mbele na nyuma, lakini haina karia, haina madigadi, haina hata kengele.

"Sasa hii utabebea nini, yakhe?" mchukuzi mmoja akamuuliza.

"Nitajibeba mwenyewe."

Akayatia mabegi kwenye gari la abiria, yeye akaipanda baiskeli mpaka Wete. Alifika kwetu jioni amejaa udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi, na kabla hajaketi akaniuliza njia ya Kambini siku hizi inapitika au haipitiki.

Alikuwa shemegi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, Mwalimu Maher. Naandika khabari zake kwa sababu zinasimuliwa ovyo mabarazani, na kila baraza inatia chumvi yake. Wako wanaosema kwamba mtu wa nyumba yetu alimzika mwenziwe mzima mzima. Hakuzika mtu. Kilichozikwa kilikuwa mgomba, na waliouzika walikuwa wengine kabisa. Wajukuu zangu wameanza kuulizwa skuli, na sitaki wajibu kwa kubahatisha.

Tangu mdogo Muntasir alikuwa mtu asiyekaa. Mama yake akisema alimzaa kwenye kizingiti, ndiyo maana hajui ndani wala nje. Kula alikula amesimama. Kule Maskati alikuwa na kazi nzuri, na siku nilipomuuliza kilichomrudisha, alitazama mlango kwanza, kisha akanambia:

"Barabara za kule zimenyooka, shemegi. Unapoondoka tu ushaona unakokwenda. Nikawa silali."

Nilimpa chumba cha upande wa ua na kazi ya kuangalia mikarafuu yetu michache iliyobaki Kambini. Kazi hiyo ingemtosha mtu mwengine kutwa nzima. Yeye aliimaliza asubuhi, na mchana wote akawa anapotea vilimani. Pemba ni kisiwa cha vilima vidogo vidogo vilivyosongamana, na kati ya kila viwili pana bonde la mpunga. Barabara ya gari huvizunguka. Njia za miguu zinapanda na kushuka moja kwa moja, baina ya mikarafuu, juu ya mizizi, katikati ya vikuta vya mpunga. Hizo ndizo alizozitaka.

Mwenziwe alimpata kwenye mteremko. Muntasir alikuwa akishuka kuelekea Ole kwa gia zake na breki zake mbili, akijiona amefika. Nyuma yake akasikia kengele, *kring kring kring*, na mtu juu ya baiskeli kuukuu ya Foniksi, amefunga gunia la muhogo kwenye karia, akampita akipiga makelele, "Bismillahi! Bismillahi! Nipishe, breki sina!" Chini bondeni akamkuta yule mtu amekaa kwenye tope la mpunga, muhogo umetapakaa, anacheka peke yake.

Huyo alikuwa Khatib, mkulima wa Ole, mpanda mikarafuu hodari, baba wa watoto wengi. Mteremko ule wakauita Bismillahi tangu siku hiyo. Njia ya mgongoni mwa kilima, inayokwenda juu juu bila kivuli, wakaiita Mgongo wa Ng'ombe. Ilikuwapo nyingine ya mizizi mitupu, inayokatiza kutoka Piki, nayo wakaiita Ngazi, na hiyo Muntasir aliipenda kuliko zote kwa sababu hakuwahi kuimaliza bila kuanguka. Walikuwa wakirudi kwangu jioni, magoti yamechubuka, wanabishana kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Foniksi inapanda Ngazi," Khatib akisema.

"Inapanda ukiibeba kichwani."

"Yako si imebebwa na meli kutoka Uarabuni? Hata hiyo imebebwa!"

Ingekuwa miaka mingine, hapangekuwa na la kuandika. Lakini hii ilikuwa miaka ya vyama vingi, na Khatib alikuwa wa chama kile, sisi wa chama hiki. Vyama sivitaji. Anayesoma anavijua, na mimi sitaki maandishi yangu yapeperushwe juu ya mnazi kama bendera. Itoshe kusema kwamba baada ya uchaguzi watu walisusiana. Duka la huyu haliingii yule. Kisima kikawa na zamu. Ndugu wa tumbo moja wakapitana njiani kama wasiojuana. Usiku watu walilala kwa sikio moja. Kibaya kuliko vyote, walisusiana misiba. Mtu akifa, wa chama chake tu ndio walioletewa khabari, na wa upande wa pili wakisikia baadaye hawaendi, na hata wakitaka kwenda wanaona haya kwenda hawakuitwa.

Nyumba yetu ina jina, na jina hilo lilijengwa makaburini. Baba mkwe wangu hakukosa maziko ya mtu, awe tajiri au mchuma karafuu. Kwa hiyo alipofariki jirani yetu mmoja hapa Wete, mzee aliyekuwa na jamaa upande huu na upande ule, ikawa mjumbe aliyepelekwa shamba amefungiwa milango mitatu na kurudi, nilimwita Muntasir ukumbini.

"Maziko ni baada ya adhuhuri," nikamwambia. "Watoto wa dada yake wako Ole na Mchanga Mdogo. Kuna njia ya kuwahi?"

Alikuwa ameshasimama. "Njia ipo. Mlango ndio sina."

"Mlango anao Khatib."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Walikwenda wawili. Wakifika kwenye nyumba waliangalia bendera iliyoko juu ya paa au mnazini. Ikiwa ya chama hiki, anaingia Muntasir na Khatib anashika baiskeli. Ikiwa ya chama kile, anaingia Khatib na Muntasir anangoja nje. Hakuna mlango uliowafungia. Mchana ule jirani yetu alizikwa na jamaa zake wote. Walisimama makundi mawili, kweli, hili kulia mwa kaburi na hili kushoto, lakini walisimama.

Wakawa wanaitwa. Simu za mkononi zilikuwa bado, na maziko yetu hayangoji kesho. Akifa mtu Gando, Kambini, hata Kojani ng'ambo ya mkondo, utasikia, "Waiteni wale wa baiskeli." Muntasir alijiwekea adabu yake katika kazi hiyo, na Khatib akaifuata. Hawakuropoka khabari mlangoni. Walitoa salamu, wakavua kofia, wakaomba maji. Maji hayo hawakuyanywa wao. Waliyaomba ili yawepo karibu, yule atakayepigwa na khabari apate la kunyweshwa. Kikombe kikishafika ndipo waliposema.

Watu wakaijua adabu hiyo upesi sana. Baada ya msimu mmoja, baiskeli zile mbili zikichungulia juu ya kilima, kanga zilitoka vichwani zikafungwa viunoni. Watoto walikimbia kuwaita baba zao kondeni. Walipopita tu njia bila kusimama, nyumba nzima ilishusha pumzi na kusema alhamdulillahi, si sisi.

"Tumekuwa Izraili na karani wake," Khatib alinambia siku moja akinywa chai kwangu.

"Nani Izraili?" Muntasir akauliza.

"Wewe. Mimi nna watoto, siwezi kazi ile."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini nilimwona Muntasir akitazama gurudumu lake, hakunywa chai yake. Walikuwa hawana tena njia ya kupita kwa furaha yao. Wakawa wanatafuta vijia vya mbali zaidi, vya msituni, ambako hapana nyumba ya kutishika.

Wakati huo huo binti yangu Widad aliposwa. Posa ilitoka Ole, kwa kijana Thabit aliyekuwa karani bandarini Mkoani. Watu wake ni wenyeji wa asili, watu wa heshima, wa chama kile. Nilinong'onezwa mengi. Nikajibu kwamba binti yangu anaozwa mtu, haozwi bendera. Nilimchunguza Thabit kama inavyopasa, nikaridhika, na jawabu la kukubali likapelekwa. Ilibaki kupokea mahari na kutaja siku. Jambo lenyewe lilikuwa jembamba kama uzi, na kila upande kulikuwa na watu wenye mkasi mkononi.

Jumapili moja ya msimu wa karafuu, Muntasir aliamka hatulii. Nilimsikia uani akipiga pampu, akitoa tubu, akirudisha. Hapakuwa na msiba popote. Walikuwa wanakwenda kujifurahisha tu, yeye na Khatib, Mgongo wa Ng'ombe wote mpaka mwisho, kisha washuke Bismillahi.

Jua lilikuwa kali na chupa yao ya maji ilipasuka njiani. Waliposhuka bondeni midomo imewakauka, na nyumba ya kwanza mbele yao ilikuwa kwao Thabit.

"Si kwa wakwe zenu hapa?" Khatib akasema. "Hawatatunyima maji."

Barazani alikuwapo Bi Mwanawema, bibi yake Thabit, anachambua karafuu, mwanamke mkubwa aliyewazika waume wawili na watoto zaidi ya hao. Mkwewe Bi Khairiya, mama yake Thabit, alikuwa uani anaanika. Muntasir akateremka kwenye baiskeli. Akatoa salamu. Kwa mazoea akavua kofia. Jasho lilikuwa likimtoka machoni, akajifuta kwa kiganja, kisha kwa sauti iliyokauka akasema:

"Bi Mwanawema, tunaomba maji."

Yule bibi alimtazama. Akamtazama na Khatib, aliyekuwa anahema hawezi kusema neno. Mjukuu aliyekuwa mbali na nyumba ile ni mmoja tu.

"Thabit!" akapiga ukelele, akasimama, akakosa ngazi ya baraza, akaanguka na ungo wake.

Mkono ulivunjika kwenye kifundo. Bi Khairiya alitoka uani mbio, akamwona mkwewe chini, akawaona wale wawili, hakuhitaji kuuliza. Kilio chake kilisikika bonde la pili. Majirani wakajaa. Muntasir alipiga kelele kwamba hakufa mtu. Khatib alipanda juu ya baraza akaapa kwa watoto wake wote kwamba hakufa mtu, wamekuja kunywa maji tu.

"Ndivyo wanavyosema mwanzo," mwanamke mmoja akawaeleza wenziwe, "ili moyo usipasuke."

"Semeni tu alivyokufa, msitufiche!"

"Maji, mama! Maji ya kunywa!" Khatib akalia. Wakamletea maji, wakamnywesha Bi Khairiya.

Kumbe jirani mmoja, Jabir, mtu mwema asiyengoja kuambiwa, alikuwa ameshachukua jembe na vijana, yuko makaburini. Udongo wa Ole ni laini. Ilipokaribia alasiri kaburi lilikuwa tayari, mwanandani na kila kitu, na shehe alikuwa ameshaitwa. Gari la Mkoani likasimama barabarani. Akateremka Thabit na fungu la samaki mkononi, akaona watu wamejaa kwao, akaanza kukimbia naye analia, "Nani? Nani?"

"Wewe," Jabir akamwambia, kisha akakaa chini.

Haya nimeyasikia kwa Khatib, kwa Thabit mwenyewe, na kwa Jabir, na watatu hawakupishana ila katika idadi ya samaki.

Ingeishia kicheko kama si lile shimo. Bi Mwanawema, mkono umefungwa kwa vibao, aliwaita wanaume wote.

"Shimo limefunguliwa kwa jina la mjukuu wangu," akasema. "Halifukiwi tupu."

Shehe akamweleza kwa upole kwamba katika dini hapana neno kama hilo, shimo ni shimo, lifukiwe tu.

"Shehe," Jabir akamwambia pembeni, "dini unaijua wewe. Bi Mwanawema tunamjua sisi."

Wakang'oa mgomba mchanga nyuma ya nyumba, na mzizi wake, wakaulaza mle ndani wakafukia. Shehe alitazama upande wa pili.

Haukupita muda nikaletewa ujumbe na mwanamke wa makamo, aliyekaa ukumbini kwangu akanywa kahawa kwanza. Bi Khairiya anasalimia sana. Khabari ya mahari, anasema, tusubiri kwanza. Sikumuuliza mpaka lini. Anayesubirishwa hivyo hapewi siku.

Yaliyokuwa yakisemwa niliyapata kwa njia nyengine. Ole walisema watu wa Wete wamemfisha mtoto wao kwa mdomo kwa ajili ya siasa, ili posa ivunjike na watu wa Ole waonekane ndio waliovunja. Wete walisema Khatib ndiye aliyempeleka Muntasir pale kwa makusudi, katumwa na chama chake. Na pande zote mbili, ambazo hazikukubaliana juu ya kitu chochote tangu uchaguzi, zilikubaliana kwamba nyumba yetu ni nyumba ya nuksi.

Nilimwita Muntasir. Alikuja akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani.

"Kaa," nikamwambia.

"Nimekaa."

"Umesimama, Muntasir."

Akakaa. Nikamwambia kwamba kaka yake alisomesha nusu ya Wete hii na hakuacha nyuma yake hata mtu mmoja wa kumsema, na kwamba sitakubali jina lake liokotwe kwenye shimo la mgomba. Baiskeli itaingia stoo. Nikamwomba ufunguo wa stoo, alionao yeye. Alinitazama kama niliyemwomba mguu, kisha akautoa mfukoni. Nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Sijutii. Mwanamke mwenye binti wa kuoza na hana mume hana ngao nyengine ila jina. Lakini naandika yaliyokuwa, na yaliyokuwa ni kwamba nyumba haikukalika. Muntasir alizunguka uani kama kuku aliyeangua kwengine. Alipaka chokaa ukuta uliokwisha pakwa chokaa. Alihamisha kabati la vyombo, akalirudisha. Alikwenda Kambini kwa miguu na kurudi nikidhani bado hajaondoka. Usiku nilisikia kitasa cha mlango wake kikifunguka na kufungwa, na mimi mwenyewe nikawa silali, nashika pindo la kanga kuhakikisha ufunguo upo.

Khatib aliendelea kuja. Alipiga kengele yake nje, akakaa barazani petu mchana kweupe, wakati ambapo mtu wa chama kile kukaa baraza ya chama hiki lilikuwa jambo la kuhojiwa.

"Watakunyang'anya kadi," Muntasir akamtania, bila furaha.

"Wachukue. Wataipandia nini, Ngazi?"

Misiba nayo ilirudi kuwa nusu nusu. Alikufa mtu Piki, na mwanawe wa Wete akapata khabari watu wanarudi kuzika. Alikaa sokoni kwenye gunia la mchele hajui amlaumu nani.

Widad hakunambia neno mpaka siku moja tunapepeta mchele.

"Mama, mimi nikiolewa au nisipoolewa, jina langu nnalo. Lakini Ami Muntasir utamzika humu ndani."

"Na wewe umeanza maneno ya kuzika?"

"Nimeyakuta," akasema, akaendelea kupepeta.

Masika iliingia kwa nguvu. Asubuhi moja mvua imeshika toka alfajiri, nikasikia kengele ya Foniksi mlangoni. Khatib alikuwa ameroa chapachapa, na juu ya karia yake, ameroa vile vile, ameshika kiti kwa mikono miwili, alikuwa Thabit. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu afe, kama alivyosema mwenyewe baadaye.

Nikawapa taulo. Thabit hakukaa.

"Shikamoo, Mama. Mzee Mmanga amefariki, kaka yake bibi. Watoto wake wako Gando na Ukunjwi, na hawasemezani toka uchaguzi. Barabara imekatwa na maji, hapana gari. Bibi anasema kaka yake atazikwa na watoto nusu."

"Innalillahi," nikasema. "Sasa?"

Thabit akatazama miguu yake. "Bibi ameuliza, wako wapi wale mashetani wawili?"

Nilisikia kitu kikianguka uani. Muntasir alikuwa nyuma ya mlango.

Nilijua wakienda na mambo yakiharibika tena, wakichelewa, wakianguka, wakifunguliwa mlango na mtu mwenye hasira, basi hapatakuwa na posa wala jina. Nilijua pia kwamba nikiwazuia, atazikwa mtu na nusu ya watoto wake, na ufunguo uliowazuia umo katika kanga yangu.

"Na nyumba hii," nikamuuliza Thabit, "bibi yako ameisema vipi?"

"Amesema nyumba ni nyumba, baiskeli ni baiskeli."

Nikafungua pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho la mikono yangu, ikabidi nilifungue kwa meno mbele ya mkwe asiyekuwa mkwe bado. Muntasir alikuwa ameshafika. Aliuchukua ufunguo akikimbia.

Mtoto mkubwa wa marehemu, wa chama hiki, alikuwa Gando. Mdogo, wa chama kile, Ukunjwi. Khatib alimpakia yule mdogo kwenye karia ya Foniksi. Mkubwa hapakuwa na pa kumpakia, kwa sababu baiskeli ya Maskati haina karia, basi Muntasir akampa aipande mwenyewe na yeye akakimbia kwa miguu ubavuni mwake, kwenye tope, akimpigia makelele atie gia hii, atie gia ile. Katika Ngazi ilibidi waliopanda washuke. Baiskeli hazipandi pale kwenye mvua. Wakazibeba, Khatib na Muntasir moja, na wale ndugu wawili, waliokuwa hawajasemezana, wakashika ile nyengine huku na huku.

"Inua kwako," mkubwa akasema.

"Nimeinua. Inua wewe."

Khatib anaapa hayo ndiyo maneno yao ya kwanza. Na mteremko wa Bismillahi, ulipofika, hapana aliyeushuka kwa baiskeli, waliushuka kwa makalio.

Waliwahi. Mimi nilifika Ole siku ya pili, maji yalipopungua, kutoa mkono wa taazia kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, nikaketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wa pale. Walinipisha nafasi kimya kimya. Bi Mwanawema aliniita nikae karibu yake, mkono wake umepona kombo.

"Mwalimu," akasema, maana nilisomesha kabla sijawa mke wa mwalimu, "yule shemegiyo, baiskeli yake haina kengele. Anamjia mtu kama paka. Unafikiri mimi nilianguka kwa nini?"

"Nitamwambia, Bi Mwanawema."

"Usimwambie. Muamrishe. Wakija na msiba, waje kimya, tutajua. Wakija kwa jambo jengine lolote, hata kiu, wapige kengele toka juu ya kilima, na wasiache mpaka mlangoni. Mimi nimechoka kufa kila wakipita." Akavuta mkeka sawa. "Na huyo Khairiya anakusubiri uani. Muulize khabari ya mahari."

Muntasir alinunua kengele mbili sokoni Wete, akazifunga zote mbili kwenye usukani mmoja. Mahari yalipokwisha pokelewa na siku kutajwa, nilikataa kualika kwa kadi. Niliwatuma wao. Walipita Kambini, Piki, Gando, Mchanga Mdogo, Ole yote, nyumba zenye bendera hii na bendera ile, wakipiga kengele tatu kutoka kila kilima. Mwanzo kanga zilifungwa viunoni vile vile. Kisha watu wakasimama, wakasikiliza. Bibi mmoja wa Mchanga Mdogo, wanasema, aliwarushia ndizi kwa hasira, na bado akaja harusini.

Harusi ilikuwa ya kawaida, haina la kuhadithiwa, na mimi ndivyo nilivyoitaka.

Lakini mgomba ule ulichipua. Uliwekwa na mzizi wake katika ardhi laini, na masika ilikuwa ya kutosha. Ukapenya juu ya kaburi, ukatoa majani, mwaka uliofuata ukazaa mkungu mzito. Ole nzima hapakuwa na mtu wa kuugusa. Wengine walipita mbali. Siku moja Thabit akachukua panga, akaukata, akamenya ndizi moja pale pale, akala.

"Vipi?" Jabir akamuuliza.

"Nimekuwa mtamu."

Alasiri hiyo nilikuwa barazani kwangu. Tangu baiskeli ile itoke stoo, kila alasiri nilikuwa na kazi hiyo ya kutega sikio, na sijaizoea mpaka leo. Muntasir hajajifunza kukaa, na mimi nimesahau. Walikuwa wamechelewa. Wageni walikuwepo, wake wawili wa maofisa, na mmoja wao ndiye aliyesema lile neno nuksi kwa sauti kubwa kuliko wenziwe. Nilikuwa nawamiminia kahawa, na sikio langu liko kilimani. Sikusikia kitu. Nikamimina nyengine. Kisha zikaja, mbali, zote tatu kwa pamoja, zikipiga bila kuacha mpaka mlangoni.

Khatib aliteremsha ule mkungu kutoka kwenye karia, akauweka mezani mbele ya wageni, ndizi moja imekatwa. Muntasir alisimama nyuma yake, goti linavuja damu.

"Mashaallah, ndizi hizi!" yule mgeni akasema, akainama kuzitazama. "Zimetoka wapi?"

"Ole," nikamwambia, nikamchagulia nzuri. "Kwa wakwe zangu. Karibu."